Gazeti Letu Limechangisha Hela, Sasa Tunagombana

SWALI: Anti shikamoo. Sie ni vijana watano hapa Ngamiani, Tanga, tuna kagazeti ketu ka kurasa nane kanatoka kila mwisho wa mwezi, tunauza mia tano. Juzijuzi tuliandika habari na picha ya mtoto wa miaka tisa wa Makorora asiyeweza kutembea, mama yake anambeba mgongoni kumpeleka shule na mtoto mwenyewe keshakua mzito. Tukaweka namba ya simu ya mwenzetu, watu wakatuma, imefika laki saba na themanini. Sasa mmoja anasema kazi ya gazeti ni habari, mambo ya sadaka tuwaachie wenyewe, mwingine anataka tukate kwanza hela ya karatasi, alafu jana msomaji katupigia anauliza elfu tano yake iko wapi. Tufanyeje?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Anzeni na huyo aliyepiga, leo hiihii, kabla hamjamaliza kugombana. Ana haki ya kuuliza na tena amewasaidia, maana wapo wengi wanaojiuliza hivyohivyo ila wamenyamaza.

Mie nimekulia Chumbageni, na kitu nilichokiona misibani toka mdogo ni yule mzee mwenye daftari. Watu wakishakaa kwenye mkeka anasimama anasoma kwa sauti, fulani elfu mbili, fulani mchele kilo tano, fulani kuni, alafu anasema zimetumika kiasi gani na imebaki ngapi, na mtu akisema langu hujalisoma anachukua kalamu anaandika palepale mbele za watu. Basi gazeti lenu ndio hilo daftari. Toleo linalokuja tengeni ukurasa mzima, wekeni tarehe, tarakimu tatu za mwisho za namba ya aliyetuma na kiasi, hata kama ni mia tano ya muuza mihogo, na makato ya kutolea hela nayo muyaandike. Hela zenyewe zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi, fungueni akaunti ambayo hela haitoki mpaka wasaini wawili au watatu.

Hela ya karatasi msiiguse. Watu walitoa kwa ajili ya mtoto, hamkuwaambia kuna makato ya uchapaji, kwahiyo kukata sasa hivi ni kuwageuka. Kama hamuwezi kubeba gharama, safari nyingine mseme mapema kabla mtu hajatuma.

Huyo anayesema kazi yenu ni habari tu, namuelewa ila sikubaliani nae. Krismasi ya 1911 mwenye gazeti la New York Times, Adolph Ochs, alikutana njiani na mtu aliyeshapewa chakula cha sikukuu ila hana pa kulala, akampa hela na kadi yake aje kutafuta kazi. Mwaka uliofuata, 1912, gazeti likatoa habari za watu mia moja wenye shida kuliko wote pale mjini, na mwaka ule wa kwanza wakachanga watu 117 tu, jumla dola 3,630.88, na mpaka leo mfuko ule upo. Ninachotaka mkione hapo ni jinsi walivyofanya, majina ya wenye shida hawakuyaweka, na waliofika majumbani na kugawa msaada ni mashirika yaliyokuwa tayari yanaifanya kazi hiyo, gazeti likabaki na kazi ya kuandika na kuhesabu. Yani waliandika habari, hawakuacha uandishi. Na nyie huyo mtoto mlimjuaje kama sio kwa kutembea mitaani mkitafuta habari?

Kwahiyo nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa jiji, na mwenyekiti wa mtaa ajue. Alafu tafadhali sana msikimbilie dukani kununua kitimwendo. Mtoto apelekwe kwanza kwa mtaalamu wa viungo apimwe upana wa nyonga na urefu wa miguu, kiti kikiwa kikubwa anakaa kaegemea upande, mgongo unapinda na anapata vidonda vya kukalia. Nimeshaona wilchea ya mtu mzima kawekewa mtoto, kazungushiwa mito kila upande, roho iliniuma.

Na picha yake msiirudie. Ana miaka tisa, kesho darasani watamuita mtoto wa mchango. Muulizeni mama, na mtoto mwenyewe muulizeni. Wakikubali picha, pigeni magurudumu na mikono yake, inatosha kabisa.

SWALI: Anti, nafundisha darasa la nne njia ya Pangani, vitabu vya kusoma ni vichache. Mjini naona magazeti yasiyouzwa yanaishia kufungia maandazi. Nikiomba ntaonekana ombaomba?
Mwalimu

JIBU: Nenda mwalimu wangu, tena kifua mbele. Hapa Tanga shule na gazeti ni ndugu wa zamani, gazeti la Kiongozi lilitoka kwenye shule ya serikali hapahapa toka 1904 enzi za Mjerumani. Ila wakala usimlaumu akikukatalia, yale yasiyouzwa anayarudisha kwa hesabu, kwahiyo barua yenye muhuri wa mwalimu mkuu ipeleke kwa gazeti lenyewe. Omba nakala ishirini za toleo moja, usichukue ishirini tofauti, ili wawili wawili wasome ukurasa uleule na wewe ukiuliza wote wajue unaongelea nini. Kurasa za mikeka ya kubeti zitoe kabla hujagawa.