Juisi Tamu Jikoni, Kali Mezani: Kinywaji Gani kwa Chakula Gani?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi na wenzangu tunapika kwa shughuli huku Tabata. Mwezi ujao tuna walima wa wageni 80, na pombe haitakuwepo. Tutaanza na sambusa na bajia, kisha biriani ya mbuzi, samaki wa kupaka na mishkaki ya ng'ombe yenye pilipili, tumalizie na kaimati. Shughuli iliyopita tuliandaa mokteli moja kwa chakula chote: juisi ya pasheni, soda ya tangawizi na mnanaa. Jikoni kila aliyeonja aliisifu. Mezani, waliokula mishkaki walilalamika kwamba pilipili imezidi, ingawa kipimo kilikuwa kilekile cha siku zote. Waliofika kwenye kaimati wakasema juisi imechacha. Nilionja mwenyewe, haikuwa imechacha. Tumekosea wapi, na safari hii tuchanganye nini kwa chakula kipi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Dada yangu, mokteli yenu ni nzuri, ila mliipeleka kwenye vyakula visivyo vyake. Mliionja peke yake, na mgeni hanywi hivyo. Yeye anapiga funda huku ulimi umeshapakwa pilipili, samli au shira, na kila kimoja kati ya hivyo kinabadilisha ladha ya kinachofuata. Kinywaji cha mezani kinaonjwa na tonge la chakula chenyewe. Ungeionja hivyo siku ile, malalamiko yote mawili ungeyasikia jikoni.

Niyachukue moja moja, maana sababu zake ni tofauti.

Kinachowasha kwenye pilipili ni kapsaisini. Haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana mtu aliyetafuna pilipili kichaa anakunywa maji glasi nzima na bado anahema. Inaamsha mishipa ya fahamu ileile inayohisi joto la kuunguza, kwa hiyo mwili unaona umeungua wakati hakuna kilichoungua. Sasa tazama mlichokimimina juu yake. Tangawizi ina jinjaroli, inayoamsha mishipa hiyohiyo. Gesi ya soda ni hewa ukaa, na ikifika ulimini inageuka asidi yenye kuchoma kidogo. Mchomo huo ndio unaofanya soda ipendeze, lakini ulimi ukishawashwa na pilipili, mchomo huo unaongeza maumivu. Na pasheni ina asidi yake. Wageni wenu hawakusingizia. Pilipili ilikuwa ya kipimo, ila kila funda liliiongezea ukali.

Pale kwenye mishkaki wekeni mtindi. Maziwa yana protini iitwayo kaseini, ambayo hushikana na kapsaisini na kuiondoa ulimini, na mafuta ya maziwa yanasaidia kazi hiyo. Changanyeni mtindi mzito usio na sukari lita 1, maji baridi nusu lita, chumvi nusu kijiko cha chai, na binzari nyembamba iliyokaangwa kavu na kutwangwa, nusu kijiko pia. Pigeni kwa mchapo mpaka itoe povu, kisha mtie majani ya mnanaa yaliyopondwa kidogo kwa vidole. Msisage mnanaa kwenye blenda, utatoa uchungu na rangi ya matope. Kinywaji cha aina hii mnakikuta kwenye meza za mchana za familia za Kihindi Upanga na Kisutu, na kwa nyama yenye pilipili sijapata cha kukishinda. Kwa asiyetumia maziwa, mpeni madafu baridi yenye shira kidogo. Sukari nayo hupunguza mwasho, ilmradi gesi isiwepo.

Malalamiko ya pili yana maelezo mafupi. Ulimi ukishazoea utamu mkali, utamu mdogo unaofuata hausikiki. Kaimati zimelowa shira. Mgeni akishakula mbili, sukari ya juisi ya pasheni inapotea kabisa mdomoni na asidi inabaki peke yake. Kuongeza sukari kwenye juisi si dawa, kwani ili ishinde shira ya kaimati ingebidi iwe shira yenyewe. Dawa ni kuacha utamu na uchachu vyote viwili, mchukue uchungu na harufu. Wazee wetu wa pwani walilijua hili zamani: kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, na kashata au halua pembeni. Nenda Kariakoo jioni utaona bado inanywewa hivyo. Kwa walima, pikeni kahawa hiyohiyo na iliki iliyopasuliwa, chujeni vizuri, ipoe, iingie kwenye friji. Mimineni juu ya barafu kwenye glasi ndogo, kisha mkunje kipande cha ganda la chungwa juu ya glasi ili mafuta yake yarukie kinywaji. Msitie sukari hata chembe. Utamu uko sahanini. Kwa bibi zetu wasiotaka kahawa usiku, mchaichai uliochemshwa na kupozwa bila sukari unatosha.

Biriani ni habari nyingine. Samli, vitunguu vya kukaanga na nyama ya mbuzi vinakinaisha, na ndiyo sababu biriani haiandaliwi bila kachumbari au achari. Kinywaji kifanye kazi ya kachumbari. Mimi huchagua ukwaju. Asidi yake kubwa ni tartariki, na ina uzito wa mdomoni ambao ndimu haina, kwa hiyo haipotei mbele ya masala. Lowekeni ukwaju gramu 250 kwenye lita 1 ya maji ya moto kwa nusu saa, finyangeni kwa mkono, chujeni, kisha ongezeni nusu lita ya maji baridi. Shira tieni kidogo kidogo huku mnaonja na tonge la wali. Mtasimama mapema kuliko mlivyozoea, na hapo ndipo penyewe. Malizieni na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Haitasikika kama chumvi, bali itapunguza uchungu na kulinyanyua tunda.

Viungo kwenye kinywaji hicho? Kimoja tu, kati ya vile vilivyomo kwenye biriani. Ningechukua mdalasini, kijiti kimoja kilowekwe pamoja na ukwaju. Watu wengi hutia mdalasini, karafuu, iliki na tangawizi kwa pamoja, na kinywaji kinashindana na sahani badala ya kuisaidia. Na kitu kimoja muhimu: msijaribu kulainisha ukwaju kwa maziwa fresh. Kaseini inaganda asidi ikishafika kiwango fulani, karibu 4.6 kwenye kipimo cha uchachu kiitwacho pH, na mtabaki na mabonge kwenye jagi.

Samaki wa kupaka ana tui, na tui lina mafuta na utamu wake. Madafu hapa yanafifia, kwa sababu ni ladha ileile ya nazi iliyo hafifu zaidi. Kinachotakiwa ni kitu chembamba chenye harufu ya majani: mchaichai uliochemshwa na kupozwa, ndimu iliyokamuliwa siku hiyohiyo, shira kidogo, na maji ya gesi nusu kwa nusu. Ndimu inakata shombo kama inavyofanya jikoni, na gesi inausafisha ulimi uliofunikwa na tui. Gesi hapa haina tatizo, ila hakikisheni samaki hana pilipili kali.

Na mokteli yenu ya pasheni na tangawizi? Irudisheni, iwe ya kupokelea wageni, pamoja na sambusa na bajia. Mafuta ya kukaangia yanahitaji gesi na uchachu, watu wana kiu, na ulimi bado ni mkavu na safi. Itasifiwa palepale mlipotaka isifiwe. Pilipili ya bajia iwekwe kwenye kibakuli pembeni, kila mtu achovye kwa hiari yake.

Vinywaji vitano kwa watu 80 ni mzigo, najua. Mkilazimika kupunguza, kwenye chakula kikuu bakizeni ukwaju na mtindi. Mchaichai ndio wa kwanza kuachwa, kwa kuwa ukwaju unaweza kukaa na samaki bila aibu. Kwa joto la Dar, pigeni hesabu ya glasi 3 za mililita 200 kwa kila mgeni, yaani lita 48 kwa jumla, mbali na maji ya kunywa na kahawa.

Onjeni kila kitu kikiwa na ubaridi ule kitakaonywewa nao. Baridi hupunguza utamu, kwa hiyo juisi iliyo sawa ikiwa vuguvugu itapwaya ikitoka kwenye friji. Barafu nayo inayeyuka upesi ukumbini, hivyo ukwaju uachwe mzito kidogo, au sehemu yake igandishwe kwenye vikasha vya barafu ili ikiyeyuka iongeze ukwaju, si maji. Barafu iliyobaki itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Maji ya gesi na soda viingie glasini mgeni akiwa amefika mbele yenu. Mkivitia kwenye ndoo saa moja kabla, gesi yote itakuwa imekwisha sambusa zikitoka jikoni.