Kocha Mpya Anayumba: Tumvumilie au Tuseme Basi?

*Barua za safari hii zimetoka vibandani na viwanjani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Tumechagua tano.*

Wahariri, kibanda chetu cha kutazama mpira hapa Arua kimegawanyika. Timu yetu ya Uingereza ina kocha mpya: mechi saba, ushindi mmoja. Wengine wanataka afukuzwe, wengine wanasema apewe muda, lakini hakuna anayejua muda huo ni kiasi gani. Mechi ngapi zinatosha kumpima? – Mwenyekiti wa mashabiki, Arua

Mheshimiwa mwenyekiti, mechi saba ni chache mno kupima matokeo, ila zinatosha kuanza kupima uchezaji. Bao ni kitu adimu. Katika Ligi Kuu ya Uingereza mechi moja huwa na takribani mabao matatu, ya timu zote mbili kwa jumla, kwa hiyo mpira mmoja uliombabatiza beki unaweza kuhamisha pointi zote. Kwa pointi, subirini mechi 19, maana hapo timu imekutana na kila mpinzani mara moja. Kwa uchezaji, mechi 10 zinatosha, mradi mtu aandike.

Nunueni daftari la kurasa 96, lile la watoto wa shule. Kila mechi ipewe ukurasa wake, na mstari katikati: sisi upande huu, wao upande ule. Andikeni mashuti ya nje ya eneo la hatari, mashuti ya ndani, penalti, na kila bao la kufungwa pamoja na dakika yake na jinsi lilivyoanza (kona, faulo, mpira tulioupoteza katikati, au shambulio la kushtukiza). Chini andikeni dakika za mabadiliko ya wachezaji na matokeo yalivyokuwa wakati huo.

Kisha pigeni hesabu. Kwa makadirio ya kibandani, shuti la nje huwa bao kama mara 3 katika 100, la ndani kama mara 12 katika 100, na penalti mara 3 katika 4. Tuseme tumepiga mashuti 12, tisa ya nje na matatu ya ndani: 9 × 0.03 ni 0.27, na 3 × 0.12 ni 0.36, jumla 0.63. Wao wamepiga matano tu, yote ya ndani: 0.60. Kibanda kizima kitaapa kwamba tulionewa kwa sababu ni 12 kwa 5, na kumbe mechi ilikuwa sawa kwa sawa.

Makosa ya kawaida ni kuhesabu shuti mara mbili linaporudiwa kwenye televisheni, na kumpa kalamu mtu anayepiga kelele kuliko wote. Umeme ukikatika, andikeni dakika mlizokosa na msizijaze kwa kukisia.

Baada ya mechi 10, linganisheni tano za kwanza na tano za mwisho. Tofauti ya mashuti ya ndani, yetu dhidi ya yao, ikipanda huku pointi hazionekani, mvumilieni. Arsenal ya Mikel Arteta ilikuwa na pointi 14 katika mechi 14 mwezi Desemba 2020, nafasi ya 15. Tarehe 26 mwezi huo akampanga kijana Emile Smith Rowe nyuma ya mshambuliaji, wakaifunga Chelsea 3–1, na timu ikaanza kupita katikati badala ya kurusha krosi tu, yaani mipira ya juu kutoka pembeni. Msimu wa 2022/23 walimaliza wa pili kwa pointi 84.

Tofauti hiyo ikishuka, na bao la aina ileile likirudi kila wiki, mna haki ya kukata tamaa, na mtu asiwaambie kwamba nyinyi si mashabiki wa kweli. Manchester United walikuwa mabingwa mwaka 2013 kwa pointi 89. Msimu uliofuata, chini ya David Moyes, walirusha krosi zaidi ya 80 katika mechi moja nyumbani dhidi ya Fulham, timu iliyoshuka daraja mwaka huohuo, wakatoka 2–2. Krosi ya juu kwa beki aliyesimama akiisubiri ndiyo njia rahisi kuliko zote kuzuia. Aliyetazama Februari 2014 hakuhitaji msimamo wa ligi kumwambia kwamba kuna tatizo. Moyes aliondolewa Aprili, mkataba wake wa miaka sita haujamaliza hata mwaka mmoja.

Je, ni kweli kwamba timu ikibadilisha kocha hushinda mechi zinazofuata? Vijana hapa mpakani wanaweka pesa kwa imani hiyo. – Mama mwenye kibanda, Busia

Mama, mara nyingi pointi hupanda kidogo, lakini si lazima iwe kazi ya kocha. Klabu hufukuza kocha timu ikiwa chini kabisa, baada ya vipigo vitatu au vinne mfululizo, majeruhi wengi na bahati mbaya juu yake. Kutoka shimoni pa kwenda ni juu tu, hata angebaki yuleyule. Waambie vijana watazame ratiba kwanza: kocha mpya akianza na timu mbili zilizo mkiani, ushindi huo haujasema lolote. Nao mwendeshaji wa michezo ya kubahatisha amekwisha kuihesabu imani yao katika bei anayotoa, kwa hiyo hakuna faida iliyojificha hapo.

Kocha wetu amekuja na mabeki watatu na timu imevurugika. Kwa nini mfumo uleule uwape wengine ubingwa na sisi utuzamishe? – Fundi wa pikipiki, Jinja

Ndugu fundi, spea ya pikipiki nyingine inaweza kuwa nzima na bado isikae kwenye injini yako. Mfumo wa 3-4-3 (mabeki watatu, wanne katikati, washambuliaji watatu) unadai watu wa aina tatu.

Kwanza mabeki wa pembeni wanaoweza kukimbia mstari mzima kwa dakika 90, wawe mabeki timu ikizuia na mawinga ikishambulia. Ukimpanga winga asiyejua kukaba, mpira wa nyuma ya mgongo wake utawaua. Ukimpanga beki asiyejua kushambulia, mbele mnabaki watatu peke yao na mashuti ya ndani yanakauka.

Pili, viungo wawili wa kati. Hapa ndipo penye uharibifu mkubwa. Timu nyingi huweka viungo watatu, kwa hiyo wawili wenu watakuta mtu mmoja wa ziada kila dakika. Dawa ni beki mmoja wa kati kupanda kumfuata, au mshambuliaji mmoja wa pembeni kurudi. Wasipokubaliana nani aende, mpinzani anapokea mpira akiwa ameligeukia lango na ana nafasi. Mechi ijayo, acha kutazama mpira kwa dakika kumi, mtazame huyo mtu wa tatu tu. Akipokea mpira bila kuguswa mara tano au sita, mmepata ugonjwa.

Tatu, beki wa kati anayeweza kutoa pasi ya mbele akiwa anasukumwa.

Chelsea ya Antonio Conte ilifungwa 3–0 na Arsenal Septemba 2016, akahamia mabeki watatu, na timu ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo, mwishowe ikatwaa ubingwa kwa pointi 93. Pembeni alikuwa na Marcos Alonso na Victor Moses, katikati N'Golo Kanté na Nemanja Matić. Na jambo ambalo watu husahau: msimu ule Chelsea hawakucheza mashindano ya Ulaya, kwa hiyo walikuwa na karibu wiki nzima ya mazoezi kila wiki. Ruben Amorim aliingia Manchester United Novemba 2024, katikati ya msimu, akiwa na mechi za Ligi ya Europa siku ya Alhamisi. Ukicheza Alhamisi na Jumapili, Ijumaa ni kupumzisha miguu na Jumamosi ni mazoezi mepesi. Mfumo mpya utafundishwa lini? Walimaliza nafasi ya 15 kwa pointi 42 na kupoteza fainali ya Europa 1–0 mbele ya Tottenham.

Hilo halimwondolei kocha lawama. Kocha anayeona hana siku za mazoezi wala mabeki wa pembeni, na bado anang'ang'ania, amechagua mwenyewe. Frank de Boer alijaribu mabeki watatu Crystal Palace mwaka 2017: mechi nne za ligi, vipigo vinne, bila bao hata moja. Roy Hodgson alipomrithi alirudisha mabeki wanne, akapoteza tatu za kwanza za ligi, kisha akamaliza wa 11 na wachezaji walewale kwa sehemu kubwa.

Je, Cranes, timu yetu ya taifa ya Uganda, nao tuwapime kwa mechi 10? – Mwanajeshi mstaafu, Bombo

Hapana, mzee wetu. Kocha wa taifa hukaa na wachezaji siku chache tu kila wanapoitwa, na mechi 10 zinaweza kuchukua mwaka mzima. Mpime kwa kampeni nzima ya kufuzu. Milutin Sredojević alianza kuifundisha Cranes mwaka 2013, akakosa Kombe la Afrika la 2015, na wapo waliosema aondoke wakati huo. Septemba 2016 bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro, pale uwanja wa Namboole, lilitupeleka Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978.

Katika mashindano ya muda mfupi, tazama mechi ya pili. Agosti 2025, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Algeria ilitufunga 3–0 Namboole na watu wakatoka uwanjani wamenuna. Timu ikajibu kwa 3–0 dhidi ya Guinea na 2–0 dhidi ya Niger, ikatoka sare 3–3 na Afrika Kusini, ikaongoza kundi kabla ya kutolewa na Senegal 1–0 robo fainali.

Sisi ni tawi la mashabiki wa klabu ya Ligi Kuu ya Uganda. Imani kwa kocha wetu, mgeni kutoka nje, imekwisha. Tunataka kuandikia uongozi. Tufanyeje ili tusikilizwe? – Katibu wa tawi, Mbale

Kabla ya kuandika, ndugu katibu, ulizeni mambo matatu. Mishahara ya wachezaji imelipwa hadi mwezi gani? Timu hufanya mazoezi siku ngapi kwa wiki, na kwenye uwanja gani? Nani alichagua wachezaji waliosajiliwa? Mchezaji anayedaiwa kodi ya nyumba hakimbii dakika za mwisho, na kocha atakayekuja kesho atamkuta hivyohivyo. Jibu likiwa baya, barua yenu ielekezwe kwenye mishahara, si kwa kocha.

Ulizeni pia mkataba umebaki miezi mingapi. Kocha wa kigeni akifukuzwa bila sababu ya haki anaweza kwenda FIFA kudai fidia, ambayo kwa kawaida huanzia mishahara iliyobaki kwenye mkataba, ikipunguzwa na anachopata kwenye kazi mpya. Klabu ikishindwa kulipa ndani ya siku 45 baada ya uamuzi, inaweza kuzuiwa kusajili wachezaji hadi vipindi vitatu vya usajili. Basi hasira za siku moja zinaweza kuwanyima mshambuliaji kwa mwaka na nusu. Ndiyo maana mara nyingi ni nafuu kuomba makubaliano ya kuachana, au kumwongezea kocha msaidizi mzawa anayewajua wachezaji.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iseme nyinyi ni nani na mko wangapi. Ya pili ibebe namba kutoka kwenye daftari: mabao mangapi ya kona katika mechi 10, mabadiliko yalifanywa dakika gani timu ikiwa nyuma. Ya tatu iombe mambo mawili tu, mfano kikao na uongozi ndani ya siku 14 na maelezo ya mpango hadi dirisha la usajili. Wasaini mwenyekiti, katibu na mhazini. Nakala moja ipokelewe ofisini kwa muhuri na tarehe, nyingine ibaki kwenu.

Barua nyingi hutupwa kwa sababu zina matusi, au zinamtaja mke na watoto wa kocha, au zimesambazwa WhatsApp kabla ya kufika ofisini. Na siku ya mechi, chupa isirushwe na mtu asiingie uwanjani. Faini inatozwa klabu, na ikifika hatua ya kuchezea viti vitupu, mapato ya mlangoni yanayolipa ile mishahara yanapotea.

Siku 14 zikipita bila jibu, peleka nakala kwa matawi mengine, muombe kikao kwa pamoja. Uongozi unaweza kulipuuza tawi moja la Mbale, lakini ni vigumu kulipuuza likija pamoja na Jinja, Tororo na Soroti, wote wakiwa na daftari mkononi.