Unaandika simulizi za mapigano? Mpe shujaa wako silaha yenye masharti

Wadau wa simulizi, hasa nyie mnaoandika za vita na majini na mashujaa wenye mapanga, leo tuongee kuhusu silaha. Mi naandikia hapahapa Tanga, Ngamiani, na vijana huwa wananitumia kazi zao WhatsApp niwasomee, na nyingi zina ugonjwa uleule. Shujaa anapewa upanga unaokata chuma, unawaka moto, ukirushwa unarudi wenyewe mkononi, alafu ikifika sehemu ya tano msomaji hana hofu tena maana anajua jamaa atachomoa tu upanga wake na kesi imeisha. Sasa mtu asome sehemu ya sita ya nini? Ushauri wangu ni mmoja: silaha iwe na masharti, iwe na kitu isichokiweza, na anayeishika imgharimu.

Usiende mbali, anza na Fumo Liongo. Wengi wetu tumemsikia kwa wazee, jitu la pwani ya kaskazini huko upande wa Pate, na watu wanasifia nguvu zake na upinde wake, lakini isikilize tena ile stori uone inabebwa na nini. Kwanza tupa, kile chuma cha kukerezea. Liongo kafungwa, mama yake anamletea chakula kizuri walinzi wanakula wao, basi mama anaoka mkate wa wishwa na ndani anaficha tupa, walinzi kuona wishwa hawana habari nayo wanamwachia mfungwa wao. Usiku huo anaomba apigiwe ngoma, watu huko nje wanapiga na kuimba, yeye ndani anakereza minyororo na hakuna anayesikia kitu. Angekuwa na panga la ajabu la kuvunja ukuta tungekuwa tumeshalisahau zamani.

Alafu sindano ya shaba. Mwili wa Liongo haupitishi mkuki wala mshale, ila sindano ya shaba ikimwingia kitovuni ndio mwisho wake. Mfalme anamtumia mtoto wa Liongo mwenyewe, anamuahidi kumuozesha binti yake, kijana anaenda kumuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kukuua, na baba anajua kabisa hili swali limetoka wapi na bado anamjibu. Jamani! Hapo silaha ni sindano tu lakini iliyobeba uchungu wote ni mkono ulioishika. Ukitaka silaha yako iume, fikiria kwanza nani anaishika na anamchoma nani, mambo ya makali na urefu baadaye.

Na upinde wenyewe? Akishachomwa anajikaza, anauchukua, anaenda karibu na kisima anapiga goti, anaweka mshale kwenye uzi na kukata roho hivohivo. Mji mzima unakaa bila maji siku kadhaa, hakuna wa kusogea, wanadhani yuko hai anawalenga. Upinde haukurusha hata mshale mmoja! Mi nimesoma na kuangalia mapigano mengi sana na sijaona upinde wa kuupita ule.

Wazungu nao wana ya kutufundisha hapa. Upanga wa mfalme Arthur, Excalibur, kila mtu anaujua, lakini kwenye masimulizi ya zamani mzee Merlin, mchawi wake, anamuuliza Arthur unapenda kipi, upanga au ala yake, Arthur anasema upanga, Merlin anamwambia umekosea, ala ina thamani mara kumi ya huo upanga maana ukiivaa hutoki damu hata ujeruhiwe vipi. Baadae ala inaibiwa na Morgan le Fay, dada yake mwenyewe, anaitupa majini, na upanga unabaki mkononi ukiwaka na kung'aa ila mwenye nao sasa anaweza kufa. Ona ufundi huo, silaha haijapunguzwa nguvu hata kidogo lakini msomaji ameanza kuogopa.

Nyundo ya Thor, yule mungu wa ngurumo wa Wazungu wa kaskazini, hivohivo. Vijana wanaijua ya kwenye muvi, ile ambayo asiyestahili hawezi kuinyanyua, na ni sharti zuri sana. Ya zamani haikuwa na sharti hilo, jitu linaitwa Thrym liliiba kabisa na Thor ikabidi avae kama bibi harusi aende kuichukua. Na ilizaliwa na kasoro, mpini wake ni mfupi, kwa sababu wakati inafuliwa Loki, mungu mwenzao mwenye hila, alijigeuza nzi akamng'ata kwenye kope yule aliyekuwa anavukuta moto. Kasoro ya aina hii ni dhahabu kwa mwandishi maana kila mpini ukitajwa msomaji anamkumbuka na Loki humohumo.

Sasa nije nyumbani, maana Tanga tunayo silaha ya hadithi na wengi wetu hatuitumii. Novemba 1914 Waingereza walishuka hapa Raskazone na jeshi la watu kama 8,000, wengi wakiwa askari kutoka India, na waliowasubiri chini ya kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 tu, ila Waingereza ndio wakapigwa wakarudi kwenye meli. Katikati ya vita nyuki walichachamaa wakauma watu pande zote mbili. Basi baada ya hapo ikaenea kwamba Wajerumani walitega mizinga ya nyuki kwa nyaya, adui akikanyaga tu nyuki wanatoka, wakati nyuki wale walishtuliwa na mirindimo ya risasi na wala hawakuwa wa upande wowote. Mi hii naipenda kupita kiasi, kwa sababu inakuonyesha silaha ya hadithi inavyozaliwa: kuna mtu kashindwa na inabidi aeleze kashindwaje. Kwenye simulizi yako waache wanakijiji wazungumzie silaha ya shujaa kabla haijaonekana, na waikosee, huyu aseme inatema moto, yule aseme hapana ni nyuki.

Walio juu huko Usambara wana Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu na mikuki na mbwa, akawaondolea watu nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, akawagawia nyama na mwisho wakamfanya mtawala wao. Mkuki uliokuwa na kazi kabla haujawa na sifa, liangalie hilo pia.

Kwa nyie mnaorekodi simulizi za sauti nawaomba sana msisahau mlio. Ule upanga wa mwanga wa filamu ya Star Wars ya 1977, mshikio wake ulitengenezwa kwa mshikio wa flashi ya kamera ya zamani, na ule mvumo wake fundi wa sauti Ben Burtt aliupata kwa kuchanganya mota ya projekta na kelele ya televisheni. Vitu vya kawaida kabisa hivyo. Mtu akiwa chumba cha pili akisikia tu vuuum anajua nini kimewashwa. Simu unayo, zunguka nayo, rekodi cherehani, rekodi mnyororo wa baiskeli, jaribu.

Kitu kingine, amua mapema silaha itaishia wapi. Arthur akiwa anakufa alimtuma askari wake Bedivere akautupe upanga majini, Bedivere akauficha akarudi kudanganya, akatumwa tena akadanganya tena, mara ya tatu ndio akautupa na mkono ukatoka majini ukaudaka. Yule ni mtu mwaminifu na bado ulimshinda kuuachia. Mi sehemu hio, ya silaha kuondoka mkononi, naiandika kabla ya sehemu ya kwanza, naiweka pembeni, alafu kila nikimpa shujaa pambano jipya naifungua niangalie kama bado itamuuma kuiachia, na nikiona haitamuuma basi pambano hilo nalifuta.