Barua kwa mwanangu kuhusu kazi ya ustawi wa jamii

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kama ni busara kuacha kazi ya benki hapo Mbeya ukasome katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii kule Kijitonyama, Dar es Salaam, au kama kusaidia watu hakuhitaji shule bali huruma tu. Kila nikilifikiria swali hilo, mawazo yananirudisha Makete, kwenye kikao cha ukoo baada ya mazishi ya shangazi yako.

Makete wakati huo ilikuwa bado Mkoa wa Iringa, na UKIMWI ulikuwa umeziacha nyumba nyingi zikiwa na bibi na wajukuu peke yao. Unajua ukoo wetu ulivyo: kila ndugu alijitolea kuchukua mtoto mmoja, huyu aende Tukuyu, yule Mafinga, mdogo abaki. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Huruma ilikijaza chumba kizima, na huruma hiyohiyo ndiyo iliyotaka kuwatawanya watoto waliokuwa wametoka kumzika mama yao. Hadi leo inaniuma nikikumbuka binamu zako walivyokaa mkekani, wakisikiliza wanavyogawanywa.

Ndipo afisa ustawi wa jamii, aliyeitwa na mwenyekiti wa kijiji, alipoomba kuzungumza na watoto kwanza, bila sisi. Baadaye alirudi kuitazama nyumba ya bibi yako, akamwona mwalimu wao, akauliza nani ana shamba na nani ana nguvu za kulilima. Mwishowe alipendekeza wabaki pamoja kwa bibi, na kila aliyetaka mtoto akapewa wajibu: mmoja sare na madaftari, mwingine mbolea, mwingine kulima. Sheria ya Mtoto, inayompa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, ilikuwa haijatungwa. Ilikuja mwaka 2009. Lakini afisa huyu alikuwa amefundishwa.

Au niseme alizaliwa hivyo? Bibi yako hakusomea ustawi popote, na aliwalea wote. Lakini yeye alikuwa akiwafahamu wajukuu wake; afisa alifika kwa watu asiowajua, na bado akajua aanzie wapi. Siku zote nimewaambia ninyi: kabla hujamsaidia mtu, muulize. Nilifurahi mno kuona katika kurasa ulizonitumia kwamba Mary Richmond wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa kazi hii ya ustawi wa jamii, alikwisha kuandika kitabu kizima mwaka 1917 kuhusu kuichunguza hali ya mtu kabla ya kumsaidia. Muulize kwanza, mwanangu.

Unataka niseme nenda au usiende. Neno ninalo, na kulizuia kunanitaabisha, kwa kuwa mshahara wako ndio unaomsomesha mdogo wako. Kwa hiyo, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, nenda kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, uwaulize maafisa wanabeba mashauri mangapi, wanafikaje vijijini wakati wa masika, na nani huwasikiliza wao wakichoka. Niandikie watakayokujibu, nami nitakupa langu.

Baba yako