Sintetiki au ya kawaida? Kwanza acheni kupima oili kwa vidole

SWALI: Habari za kazi, fundi. Gari langu ni la petroli, halina tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), limetembea kilomita 180,000. Kitabu chake kinataka oili ya 5W-30, yenye daraja la ubora la API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) SN au la juu zaidi. Siku zote naweka oili ya kawaida na kuimwaga kila kilomita 5,000. Kufikia hapo huwa imeshuka kidogo chini ya katikati ya alama mbili za kijiti. Sasa nataka kuhamia sintetiki, lakini fundi wangu amekataa. Anasema sintetiki ni nyepesi kama maji, itapenya kwenye sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zilizochoka, na injini ikishaizoea haiwezi kurudi tena kwenye ya kawaida. Ananiambia niweke 20W-50 kwa kuwa injini ina umri. Rafiki yangu naye anasema sintetiki unaweka na kutembea kilomita 15,000 bila kugusa. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja. Weka sintetiki, yaani oili iliyoundwa kiwandani badala ya kusafishwa tu kutoka mafuta ghafi, ya 5W-30 yenye API SN au SP, badilisha na filta, basi. SP ilianza kutumika mwaka 2020 na inachukua nafasi ya SN bila tatizo. Mfuko ukibana, 5W-30 ya kawaida yenye alama hizohizo inaitosha injini kama yako, mradi uimwage kwa wakati. Ya rafiki yako nitayafikia. Kwanza niimalize hiyo 20W-50, maana ushauri huo nausikia mpaka masikio yamechoka.

Najua hata ulivyotolewa. Kijiti kinachomolewa, tone la oili linabanwa kati ya dole gumba na kidole cha shahada, vidole vinaachanishwa polepole, fundi anatazama uzi wa oili unavyokatika, kisha anatikisa kichwa: "Hii imekuwa maji." Mteja anaona kwa macho yake na anaamini. Lakini kilichopimwa pale ni oili yenye joto la kidole, na injini haifanyi kazi kwa joto la kidole. Namba ya nyuma kwenye 5W-30, yaani hiyo 30, hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye joto hilo uzito wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, ukiangukia kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha sentistoksi, hiyo ni 30, iwe ya kawaida au sintetiki. Namba ya mbele, 5W, inaeleza injini itakavyozunguka kwenye baridi kali, na kipimo chake kikuu hufanywa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hakuna mwenye vidole vya kupima hayo.

Kwa hiyo neno "sintetiki" halisemi lolote kuhusu uzito. Ipo sintetiki ya 20W-50, nzito kabisa. Ipo ya kawaida ya 5W-30, na kama umekuwa ukifuata kitabu basi ndiyo hiyo umeitumia miaka yote bila injini kufa. Mtu anayekuambia "sintetiki ni nyepesi" amechanganya maswali mawili: oili imetengenezwa kwa nini, na oili ina uzito gani. La pili lilishajibiwa na waliotengeneza injini yako, tena wakaliandika kitabuni.

Hawakuliandika kwa kubahatisha. Nafasi kati ya beringi na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), upana wa njia za oili, nguvu ya pampu, vyote vilipangwa pamoja na uzito huo. Pampu ina vali ya kupunguza presha. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, hasa asubuhi injini ikiwa imepoa, presha hupanda haraka, vali hufunguka, na sehemu ya oili hurudishwa kabla haijafika juu kwenye kemshafti, mhimili unaofungua vali za injini. Geji inaonyesha presha nzuri, taa ya oili imezimika, kila mtu ametabasamu. Presha si mtiririko. Mahali penye mtiririko mdogo ndipo chuma kinaposagana na chuma. Na injini nyingi za petroli za miaka ya karibuni hutumia presha ya oili hiyohiyo kubadilisha muda wa vali kufunguka, kupitia vichujio na matundu madogo sana. Ukiipa oili ambayo haikupangiwa, mfumo huo unachelewa kuitika, taa ya injini inawaka, kisha unaambiwa ununue sensa.

Mbona basi ushauri huu haufi? Kwa sababu unaleta matokeo ya haraka yanayosikika. Injini iliyokuwa inagonga inanyamaza kidogo, na moshi unapungua kwa muda. Mteja anaondoka gerejini ameridhika, analipa, anasifu. Beringi zilizolika zimebaki zimelika, ringi za pistoni zimebaki zimechoka, ila sasa hazisikiki vizuri. Ninakiri kuna injini ambazo kitabu chenyewe kinaruhusu uzito zaidi ya mmoja kulingana na hali ya hewa, hata 40 au 50. Hapo chagua ndani ya jedwali la kitabu. Ninachokataa ni kuruka jedwali kwa sababu gari "limezeeka".

Yako wala haijazeeka kiasi hicho. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya juu mpaka ya chini ya kijiti ni kama lita moja. Wewe unapoteza zaidi kidogo ya nusu lita katika kilomita 5,000. Kuna watengenezaji wanaoandika kwenye vitabu vyao kwamba hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 bado inakubalika. Mimi singekaa kimya nikiona lita 1 kwa kilomita 1,000, lakini ya kwako si injini inayokula oili.

Kuhusu sili: oili yenye alama halali za API hupimwa pia kama inaelewana na mpira wa sili. Sintetiki za mwanzoni kabisa, miaka ya 1970, ziliwahi kuleta shida upande huo, na nadhani sifa mbaya ilianzia hapo ikagoma kufa. Sili iliyokauka na kupasuka itavuja kwa oili yoyote. Oili nzito inachelewesha tone tu. Sili ni ya kubadilishwa.

Na hili la kutokurudi nyuma lisikusumbue. Nusu sintetiki inayouzwa kila mahali ni nini, kama si hizo mbili zilizochanganywa kiwandani? Ukipungukiwa njiani na kukuta ya kawaida ya uzito uleule, ongeza uendelee.

Faida ya kweli ya sintetiki ni kwamba inastahimili joto bila kuharibika upesi, haivukizi sana, na kwenye baridi inafika juu haraka. Ukiwa na tabo, usiulize, weka sintetiki, kwa sababu beringi ya tabo hupata joto kali linaloweza kuunguza oili dhaifu ikawa mkaa. Usiwe na imani kupita kiasi na neno lenyewe lakini. Tangu uamuzi wa mwaka 1999 kwenye mgogoro wa matangazo kati ya kampuni mbili kubwa za oili huko Marekani, mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu sana nayo huruhusiwa kuitwa sintetiki. Ni oili nzuri, sizisemi vibaya. Ila soma alama za API na uzito nyuma ya kopo kabla ya kusoma maneno makubwa ya mbele.

Sasa rafiki yako. Kinachoiua oili si joto peke yake. Petroli ambayo haikuungua inashuka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), unyevu unaingia, masizi yanaongezeka, kemikali za kusafisha na kupambana na asidi zinakwisha. Gari la safari fupi fupi, linalozimwa kabla injini haijapata moto sawasawa, linaichafua sintetiki kama linavyoichafua nyingine. Kitabu chako kina muda wa kubadilisha, na mara nyingi kina safu ya pili ya matumizi magumu: foleni, vumbi, safari fupi, kuvuta mzigo. Soma hiyo ya pili, maana wengi wetu tumo humo. Na usihukumu kwa weusi. Oili inayosafisha lazima ichafuke. Ya kuogopa ni ile iliyogeuka rangi ya maziwa, kwani maji yameingia.

Kwa kuwa unahamia sintetiki, kuna mtu atakuambia "tuisafishe injini kwanza" kwa kumimina dizeli au mafuta ya taa kwenye sampu na kuliacha gari lingurume. Kataa. Dizeli haiwezi kubeba kranki kama oili. Tena matope yaliyoganda inayang'oa kwa mkupuo, yanakwenda moja kwa moja kwenye chujio la pampu, yale matundu ya wavu chini kabisa ya sampu, na kuyaziba. Nimefungua injini zilizokufa hivyo: oili ipo tele kwenye sampu, kemshafti imekauka na kuchubuka. Kwa injini iliyomwagwa kila kilomita 5,000 hakuna hata cha kusafisha.

Na kama umeshafanyiwa, usiridhike na kumwaga na kujaza oili mpya tu. Usiliwashe gari kwanza. Sampu ifunguliwe, chujio la pampu lioshwe, filta mpya iwekwe, ndipo oili iingie. Ukiwasha na taa ya oili isizimike ndani ya sekunde chache, zima palepale.