Kwa nini Reinkaos iliwagawa mashabiki?

SWALI: Storm of the Light's Bane (1995), albamu ya Dissection, bendi ya metali kali ya Uswidi, inasifiwa kila kona, lakini albamu yao Reinkaos (2006) inapondwa. Si bendi ile ile?

JIBU: Jina tu. Kati ya waliorekodi ile ya 1995, aliyebaki ni mwimbaji na mpiga gitaa Jon Nödtveidt peke yake, aliyetoka gerezani 2004.

Sikiliza magitaa. Katika ile ya 1995, iliyorekodiwa na fundi wa studio Dan Swanö huko Uswidi, waya unakwaruzwa juu-chini kwa kasi, gitaa moja linashika melodi na la pili linaifuata kwa noti tofauti, huku ngoma zikikimbia. Kisha mwendo unapungua ghafla na melodi inasikika wazi. Albamu inafungwa na piano tupu. Ubaridi huo ndio wahakiki walioupenda.

Reinkaos inakwenda mwendo wa kati, rifu (vipande vya gitaa vinavyorudiwa) nzito, viitikio vya kuimba pamoja, karibu na hevi metali ya kawaida. Aliyengoja dhoruba aliona amepunjwa. Binafsi naona melodi zake ni nzuri. Kinachochosha ni mwendo usiobadilika. Ukitaka kuihukumu kwa haki, usiisikilize mara tu baada ya ile ya 1995.