Nimepata alama 14 kwenye kipimo cha sonona, niache kunyonyesha?

Swali: Habari nesi. Nimejifungua mtoto wa kwanza, leo siku ya 9. Kunyonyesha kunaniuma, mtoto akilia tu nahisi hashibi na mimi naanza kulia. Kwenye grupu la akina mama dada mmoja katuma kipimo cha maswali 10, nimejaza nimepata 14. Anasema nina sonona na stresi imekausha maziwa, ninunue unga wake wa kuongeza maziwa au nihamie ya kopo. Nifanyeje?

Jibu: Hongera dada yangu, na pole. Unga usinunue. Kama mtoto ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, analowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24 na uzito umeanza kupanda, anashiba hata kama analia. Mpeleke akapimwe uzito, na hapohapo mkunga akuangalie ukiwa unanyonyesha, maana maumivu ya siku hizi mara nyingi ni mtoto kushika chuchu tupu badala ya kujaza titi mdomoni. Stresi inaweza kuchelewesha maziwa kushuka, ndo maana ukitulia yanatoka, ila kuchelewa siyo kukauka.

Sasa hiyo 14. Maswali 10 ya siku 7 zilizopita, kila moja 0 mpaka 3, hicho bila shaka ni kipimo cha Edinburgh cha mwaka 1987. Ni kizuri na mimi nakitumia kazini, kinachonikera ni watu kukigeuza hukumu. Kile ni cha kuchuja tu, kinasema huyu mama akae na mtu aulizwe zaidi, basi, jina la ugonjwa hakitoi. Hata mpaka wenyewe siyo mmoja, wengine wanashtuka kuanzia 10 wengine 13, inategemea na lugha kilivyotafsiriwa na mama anayeulizwa.

Halafu hesabu siku. Umejaza siku ya 9, kwahiyo kimekuuliza kuanzia siku ya 2 hivi, na hapo ndo homoni zimeporomoka, matiti yanajaa, usingizi hakuna, akina mama wengi sana wanalia tu siku ya 3, ya 4, ya 5, na kwa kawaida hiyo hali inapita ndani ya wiki mbili. Angalia pia swali la 7, linauliza kama umekosa furaha kiasi cha kushindwa kulala. Watu wanalisoma harakaharaka wanaweka 3 kwa sababu mtoto kawaamsha usiku kucha. Mimi nikikaa na mama namuuliza, mtoto akilala na wewe ukapata nafasi, usingizi unakuja? Akijibu nalala fofofo, hiyo 3 haipo tena.

Na katika maswali yote 10 hakuna hata moja linalotaja titi wala maziwa! Kwahiyo anayekwambia kimeonyesha maziwa yamekauka anakuuzia unga, hakupimi. Hofu ya kunyonyesha ina kipimo chake, maswali 14 ya kujiamini kwenye kunyonyesha, alama 14 mpaka 70 na huku ya juu ndo nzuri. Mama anaweza kuwa chini kabisa huku, ukimwelekeza jinsi ya kumshikisha mtoto titi anachangamka. Mwingine ananyonyesha vizuri, mtoto ananenepa, ila moyoni hali ni mbaya, na huyo ndo anatupita kwa sababu wote tunamtazama mtoto. Wapo pia wanaoshikwa na huzuni nzito ghafla pale maziwa yanapotaka kushuka, dakika chache imeisha, akinyonyesha tena inarudi. Hiyo ni ya mwili, na jumla ya alama haiwezi kuitenganisha na sonona mpaka mtu akuulize inakuja saa ngapi.

Wewe kijaze tena ukitimiza wiki mbili, safari hii mbele ya nesi au dokta, na hali ikizidi kabla ya hapo usisubiri. Hata ikija kuwa sonona kweli, siyo lazima uache kunyonyesha, dawa ambazo mama anatumia huku ananyonyesha zipo.

Ila hukuniambia swali la 10, lile la kufikiria kujidhuru, ulijibu nini. Kama ni chochote zaidi ya "haijawahi", achana na jumla, hata ingekuwa 4, mwambie mtu uliye naye nyumbani sasa hivi na muende hospitali leo.

Na nyie mnaosambaza hizi fomu kwenye magrupu, mama akiwajibu "ndiyo" kwenye hilo swali saa 8 usiku mtampeleka kwa nani? Kama hamna jibu msimtumie, mwambieni aende kliniki akaulizwe na mtu anayeweza kukaa naye.